Doa dogo na kilowati zilizokosekana: uchambuzi wa kisa cha hesabu ya nguvu ya mwanga katika kigunduzi cha mawimbi ya mvutano

Usuli

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wanafunzi wa fizikia wa mwaka wa nne katika chuo kimoja kisiwani Mombasa. Mradi wao wa kumalizia masomo ulikuwa kukadiria nguvu ya mwanga inayoweza kukusanywa ndani ya mikono ya kigunduzi cha mawimbi ya mvutano, yaani mtambo unaotumia leza kunasa mawimbi ya anga yanayobadilisha kidogo mno urefu wa mikono hiyo. Jina la chuo, majina ya wahusika na mwaka wa mradi vimeondolewa. Nilikuwa miongoni mwa walioisoma ripoti kabla ya kurekebishwa na baada yake, na naona kisa kinastahili kuandikwa kwa ukamilifu, kwani kosa lililokuwamo ndani ya hesabu ya kwanza ni la aina isiyoonekana kirahisi: kila mstari wa hesabu ulikuwa sahihi, ila dhana moja iliyoubeba mzigo wote haikuwa imeulizwa swali.

Kigunduzi walichokichukua kuwa mfano ni LIGO, chenye vituo viwili nchini Marekani, kimoja Hanford na kingine Livingston. Kila kituo kina mikono miwili yenye urefu wa kilomita 4, iliyojengwa kwa mabomba yaliyoondolewa hewa. Mwanga wa leza wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 hugawanywa nusu mbili, kila nusu ikaingia katika mkono wake na kwenda na kurudi mara nyingi kati ya vioo viwili vya silika (oksidi ya silikoni), kila kimoja kikiwa na uzito wa kilo 40, kipenyo cha sentimita 34 na unene wa sentimita 20. Kioo cha mbele cha kila mkono hupitisha asilimia 1.4 tu ya mwanga, na kwa hiyo mwanga ulioingia hunaswa humo na kujikusanya hadi karibu mara 280. Mwanga unaorudi kuelekea kwenye leza nao haupotezwi: hukutana na kioo cha kurejesha nguvu, kinachopitisha asilimia 3, na kutumwa tena mikononi.

Nguvu hiyo yote ina kazi. Fotoni, yaani chembe za mwanga, hufika kwenye kipokezi bila mpangilio, na kutofuatana kwao huzaa kelele inayoficha mawimbi ya masafa ya juu. Ukiongeza nguvu maradufu, kelele hiyo hupungua kwa takriban asilimia 30, kwa sababu hufuata kinyume cha kipeuo cha pili cha nguvu, yaani mzizi wake wa mraba. Katika masafa ya chini mwanga mwingi huleta taabu nyingine, kwa kuwa fotoni huvisukuma vioo vyenyewe, lakini kwa mawimbi ya mamia ya hezi kwenda juu kila kilowati ina thamani. Wimbi la kwanza liliponaswa tarehe 14 Septemba 2015, kila mkono ulikuwa na takriban kilowati 100. Usanifu wa mtambo uliwekewa lengo la kilowati 750.

Hesabu ya kwanza

Kikundi kilianza kwa lahajedwali, na huo ulikuwa uamuzi mzuri. Programu kubwa za uigaji wa mwanga zipo na ni za bure, ila mwanafunzi anayezianza siku ya kwanza mara nyingi hupata jibu asiloweza kulikagua. Waliandika milinganyo miwili tu: mmoja wa mkusanyiko wa mwanga ndani ya mkono, mwingine wa mkusanyiko unaotokana na kioo cha kurejesha nguvu. Upotevu wa mwanga katika kila mzunguko mmoja wa mkono waliuweka sehemu 75 kwa milioni, wakauacha hapo.

Matokeo yaliwafurahisha. Kwa leza ya wati 125, ambayo ndiyo iliyokusudiwa na usanifu, kioo cha kurejesha nguvu kilizidisha mwanga mara 45 hivi, nusu yake ikaenda katika kila mkono, na mkono ukauzidisha tena mara 280. Jumla ilikuwa takriban kilowati 800 kwa kila mkono, yaani karibu sana na zile 750 za usanifu. Walipoongeza upotevu hadi sehemu 150 kwa milioni, nguvu ilishuka hadi kilowati 400 hivi, na hapo waliandika kwa usahihi kwamba mtambo wa aina hii ni mwepesi mno kudhurika: sehemu 75 za ziada katika kila milioni zinaula nusu ya mwanga wote.

Kisha wakatazama kilichotokea katika mtambo halisi. Katika awamu ya tatu ya uchunguzi, iliyoanza Aprili 2019, vigunduzi viliendeshwa kwa leza isiyozidi wati 40 hivi na mikono ikawa na kilowati 200 na kitu. Lahajedwali yao ilitoa jibu la karibu na hapo, kwa hiyo wakahitimisha kwamba vioo viko sawa na kinachokosekana ni leza yenye nguvu zaidi. Rasimu ilipendekeza kwamba leza iongezwe, na kilowati zitafuata kwa mstari ulionyooka.

Swali la msimamizi

Msimamizi alirudisha rasimu ikiwa na swali moja pembeni mwa ukurasa wa mwisho: "Kama leza ndiyo dhaifu, mbona hiyo waliyo nayo hawaifungulii yote?"

Swali lilikuwa zito kwa sababu leza ya LIGO iliyoboreshwa ilitengenezwa tangu mwanzo iweze kutoa zaidi ya wati 125, na bado katika awamu ya kwanza ya uchunguzi ni wati 20 hivi tu zilizoingizwa katika mtambo. Walio na kitu mkononi na hawakitumii wana sababu. Kikundi kilipewa muda wa kuitafuta.

Sababu walizozipata hazikuwa moja. Mwanga mwingi unaweza kuvitikisa vioo kwa mitetemo yake ya asili hadi mtambo ushindwe kutulia. Tatizo hilo lilipunguzwa kwa kubandika vidhibiti vidogo vya mtetemo kwenye vioo. Msukumo wa mwanga huweza pia kuvigeuza vioo pembe, na kudhibiti pembe hizo huwa kugumu kadiri nguvu inavyopanda. Kikundi kilizitaja zote mbili katika ripoti kwa aya moja moja, na nakubaliana nao, kwa sababu sababu ya tatu ndiyo iliyoigusa moja kwa moja ile namba 75 waliyoiweka bila kuiuliza.

Doa lenyewe

Kioo cha kigunduzi hiki hakirudishi mwanga kwa silika yake. Kinarudisha kwa utando wa tabaka nyembamba za silika na za oksidi ya tantali iliyochanganywa na ya titani, zilizopangwa kwa zamu juu ya uso uliosuguliwa mpaka mabonde na vilima vyake katikati viwe chini ya nanomita moja. Tando hizo hutengenezwa katika maabara mjini Lyon, Ufaransa. Kwa ujumla wake utando hunyonya chini ya sehemu moja kwa milioni ya mwanga. Lakini humo ndani hubaki madoa machache, yenye upana wa makumi ya maikromita, ambayo yananyonya mwanga kuliko utando unaoyazunguka. Yamenaswa ndani ya utando, kwa hiyo kuosha uso hakuyatoi.

Mwanafunzi mmoja hakuamini kwamba kitu cha ukubwa huo kinaweza kuwa na maana katika kioo cha sentimita 34. Msimamizi hakumjibu, alimtaka apige hesabu, na hesabu hiyo naiona kuwa kiini cha mradi mzima. Mwale juu ya kioo cha mbele una nusu kipenyo cha sentimita 5.3. Kukiwa na kilowati 200 mkononi, katikati ya mwale panaangukia wati 45 hivi katika kila milimita moja ya mraba. Doa lenye upana wa maikromita 30 lililoko hapo linapokea miliwati 32. Utando wote wa kioo, ukinyonya sehemu 0.5 kwa milioni, unachukua miliwati 100. Kwa maneno mengine, likinyonya kila kinachoangukia juu yake, doa hilo moja linachukua karibu theluthi ya joto linalochukuliwa na uso mzima, na linalichukua lote mahali ambapo ncha ya sindano ingetosha kupaziba.

Tofauti ya mgawanyo ndiyo inayoleta madhara. Joto lililosambaa hukifanya kioo kivimbe taratibu kwa umbo pana na laini, na umbo kama hilo lina dawa: mikanda ya joto inayozunguka vioo, na leza za kaboni dioksidi zinazopasha moto bamba la silika lililowekwa nyuma ya kioo cha mbele ili kufidia. Joto la doa hukifanya kioo kiwe na kilima chenye kilele, kinachoshuka kwa kasi karibu na doa na kuenea polepole kwa sentimita kadhaa. Mikanda ya joto haina uwezo wa kusawazisha umbo hilo. Mwanga unaogonga kilima hurudi ukiwa umepotoka kidogo, sehemu yake ikahamia katika maumbo mengine ya mwale ambayo hayashiriki kazi ya mtambo, na kwa hesabu ya mkono huo ni mwanga uliopotea. Yapo pia maumbo ambayo mkono wenyewe huyakuza, na doa likiyalisha hayo upotevu huzidi.

Maamuzi yaliyofuata

Uamuzi wa kwanza ulihusu maabara. Baadhi ya wanakikundi walitaka kuonyesha joto la doa kwa interferomita ndogo ya chuo, yaani kifaa kinacholinganisha mwanga uliopita njia mbili, inayotumia leza ya heli na neoni. Msimamizi alikataa, na alikuwa na haki: leza ile hutoa miliwati chache tu, na hakuna doa litakalopata joto la kupimika kwa mwanga wa namna hiyo. Jaribio lingewapa grafu iliyotulia, na mtu angeweza kuisoma kama ushahidi kwamba madoa hayana neno.

Badala yake walipewa kikao kimoja na fundi wa maabara, mzee aliyevitunza vioo vya chumba kile kwa miaka mingi katika hewa yetu ya pwani yenye unyevu na chumvi. Alizima taa, akachukua kioo kilichoonekana safi kabisa, akampa mmoja wao tochi.

"Ilaze chini, mwanangu, mwanga upite kwa ubavu. Usikitazame kwa mbele."

"Mzee, hiki si ndicho nilichokipangusa jana?"

"Ndicho. Sasa kihesabu hicho kinachong'aa."

Uso uliokuwa mweusi ulijaa nukta zinazometa. Fundi alikipangusa kwa alkoholi na karatasi ya lenzi mara moja, kwa mwelekeo mmoja, wakatazama tena: nyingi zilikuwa zimeondoka, chache zilibaki palepale. Hizo chache zilikuwa kasoro za utando wenyewe. Vioo vya LIGO havikutani na chumvi ya bahari, kwani hushughulikiwa katika vyumba safi na kukaa ndani ya ombwe, lakini namna ya kuona ni ileile: kasoro hutafutwa kwa mwanga wa ubavuni chini ya hadubini. Mtambo ukiwa unafanya kazi, joto la doa hutambuliwa kwa njia nyingine, kwa kupitisha mwale wa pili katika kioo hadi kwenye bamba lenye matundu mengi na kupima jinsi kila nukta ya mwanga ilivyosogea kutoka mahali pake.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa hesabu. Kikundi kiliamua kwamba upotevu hautakuwa tena namba isiyobadilika. Urefu wa kilima hupanda sawasawa na nguvu iliyomo mkononi, na mwanga unaopotoshwa hupanda kwa mraba wa urefu huo. Kwa hiyo waliandika upotevu kuwa sehemu 60 kwa milioni za kudumu, pamoja na sehemu 25 nyingine zinazoongezeka kwa mraba wa nguvu, zikiwa 25 kamili pale mkono unapokuwa na kilowati 200. Hizo 25 hazikupimwa katika kioo chochote. Walizichagua ili kuona tabia ya mlinganyo, na ripoti ililisema hilo waziwazi katika ukurasa uleule wenye grafu. Nawapongeza kwa hilo, kwani wengi huificha namba ya namna hiyo katika kiambatisho.

Waliamua pia kutoutatua mlinganyo kwa mzunguko wa kubahatisha. Walianza na nguvu iliyomo mkononi, wakapata upotevu, kisha wakarudi nyuma kutafuta leza inayohitajika. Njia hiyo ya kinyumenyume iliwaokolea muda na kuwaepusha na majibu yanayoyumba.

Matokeo

Mstari ulionyooka ulipinda. Wati 35 za leza zilitoa kilowati 200. Wati 70, yaani maradufu, zilitoa 300. Wati 125 zilitoa karibu 390, ilhali kwa mfano usio na doa leza hiyohiyo ingetoa zaidi ya 900. Kuzifikia kilowati 750 za usanifu kulihitaji wati 940 na zaidi, leza ambayo hakuna aliyepanga kuiweka hapo.

Kisha wakauliza swali ambalo halikuwa katika mpango wao: kati ya kuongeza leza na kupunguza doa, kipi kina faida? Walipoongeza leza kutoka wati 125 hadi 250, nguvu ilipanda kutoka 390 hadi takriban 505. Walipoiacha leza palepale na kupunguza unyonyaji wa doa kwa nusu, ilipanda hadi karibu 565. Sababu ni ule mraba: ukipunguza joto kwa nusu, upotevu unaotokana nalo hupungua hadi robo. Kioo bora kidogo kilishinda leza maradufu.

Mwenendo huo unalingana na hatua zilizochukuliwa katika vigunduzi halisi. Baadhi ya vioo vyenye madoa vilitolewa na kuwekwa vingine. Pale ambapo kioo hakikuweza kubadilishwa upesi, mwale ulisogezwa ili katikati yake isiangukie doa. Katika awamu ya nne, iliyoanza Mei 2023, mikono ilibeba kati ya kilowati 300 na 400 hivi. Ni hatua kubwa kutoka 200 na kitu, na bado ni nusu tu ya lengo la awali.

Ripoti mpya iliondoa pendekezo la kwanza na kukubaliwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni swali la msimamizi, na kilichomsaidia kuliuliza ni kujua mtambo, siyo kujua hesabu. Angeikagua lahajedwali peke yake angeipitisha. Namba 75 ilikuwa ya haki kwa nguvu ndogo, na mfano wa kwanza ulilingana na awamu ya tatu kwa sababu hapo upotevu wa doa ulikuwa bado mdogo. Mfano unaolingana na kipimo kimoja haujathibitishwa kwa vipimo vingine, na kikundi kiliuona ulinganifu ule kama hati ya kupita. Laiti wangeupima katika sehemu mbili za nguvu tofauti, mpindo wa grafu ungejitokeza mapema.

Kikao cha tochi kilifanya kazi nyingine. Hakikuongeza namba hata moja kwenye ripoti, lakini baada yake hakuna mwanakikundi aliyeandika tena neno "kioo kamili" bila kulifafanua. Ningependa kila mradi wa mwanga katika maabara zetu uanze hapo, kwa sababu gharama yake ni tochi na chumba chenye giza.

Upungufu nao upo, na ni wa kweli. Mfano wa pili ulichukulia kwamba vioo vyote vina hali moja na mikono yote miwili inafanana. Katika mtambo halisi doa huwa katika kioo hiki na si kile, mikono ikatofautiana, na tofauti hiyo hupeleka mwanga mchafu kwenye kipokezi, jambo ambalo lahajedwali yenye mkono mmoja haiwezi kulionyesha. Upotevu wa mraba nao unafaa kwa kilima kidogo tu. Na ile mikuzo ya maumbo mengine ya mwale haikuingizwa kabisa, ingawa inaweza kuuzidisha upotevu wa doa mara kadhaa kutegemea umbo la kioo na mahali doa lilipo. Namba zao basi zisomwe kama mwelekeo.

Dosari ninayoijutia zaidi ni kwamba mahali pa doa hapakupewa nafasi, ilhali hesabu yake ilikuwa mikononi mwao. Kwa mwale wa nusu kipenyo cha sentimita 5.3, doa lililoko sentimita 3 kutoka katikati hupokea nusu tu ya mwanga ambao lingepokea likiwa katikati, na likiwa sentimita 4 hupokea theluthi moja. Kusogeza mwale kwa kiasi hicho kungekuwa na faida ileile ya kupunguza unyonyaji kwa nusu, bila kugusa utando. Lakini kuna bei: mwale ulioondoka katikati ya kioo huufanya mtikisiko wowote wa pembe uonekane kama badiliko la urefu wa mkono, na kelele ya masafa ya chini hupanda. Kupima faida hiyo dhidi ya bei hiyo ni mradi kamili kwa kikundi kingine.

Mradi huo unahitajika pia kwa sababu ya yanayokuja. Kigunduzi kinachopendekezwa nchini Marekani kwa jina la Cosmic Explorer kimekusudiwa kubeba megawati 1.5 katika kila mkono, na sehemu ya masafa ya juu ya Einstein Telescope ya Ulaya imekusudiwa megawati 3. Ukiiweka megawati 1.5 katika mlinganyo wa kikundi chetu, zile sehemu 25 za ziada zinakuwa zaidi ya 1400 kwa milioni, kiwango ambacho mlinganyo wenyewe haufai tena kutumika, na hakuna leza itakayolipa deni hilo. Kazi iliyo mbele ni ya wanaotengeneza utando, na ya wanaobuni vipasha joto vipya vya kurekebisha uso wa kioo kwa umbo dogo kuliko linalowezekana kwa mikanda ya sasa.